Sakafu ya Filister

Nyumba ya Filister ilikuwa ukingoni mwa Macalder, pale njia inapoanza kuteremka kuelekea mashimo ya dhahabu. Mumewe, Job, ndiye aliyeijenga, akaimwagia saruji kwa mikono yake mwenyewe, na kabla haijakauka vizuri kifua kikamzidi akafa. Filister aliwahi kufundisha watoto wa chekechea huko Muhuru Bay. Wanawake waliokuwa wakisafisha mchanga wa dhahabu walipojua hivyo, walianza kumwachia watoto wao asubuhi. Hawakupenda kuwabeba hadi kwenye makarai yenye zebaki. Kwa Filister kulikuwa na uji, kivuli na mtu aliyejua kila mtoto kwa jina.

Asubuhi moja alikuja Asli, mke wa Abdishakur mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amemshika mkono binti yake wa miaka mitano. Binti aliitwa Aliya. Alikuwa hasikii sauti yoyote tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa mdogo.

"Nimeenda kwa wengine," Asli alisema akiwa bado mlangoni. "Mmoja ameniambia hana mtu wa kumwangalia huyu peke yake. Mwingine ameniambia atawaambukiza wenzake. Kama na wewe una neno kama hilo, mwalimu, niambie sasa nirudi dukani."

Filister alimtazama mtoto. Aliya alikuwa ameshamwacha mama yake, amechuchumaa karibu na watoto wawili wanaopanga vifuniko vya chupa, naye ameanza kupanga vyake.

"Neno langu ni kwamba sijui kuongea naye."

"Hata mimi sikujua. Nilifundishwa kwenye shule moja Homa Bay, na mpaka leo najifunza."

"Basi utanifundisha jioni ukija kumchukua."

Ndivyo ilivyoanza. Asli alikuwa akikaa kidogo kila jioni, akimwonyesha Filister ishara: maji, choo, njoo, inauma, rafiki. Filister aliacha kuwapanga watoto kwenye mistari, akawa anawaketisha kwa duara ili Aliya aone uso wa kila mmoja. Alihamisha kiti chake kutoka dirishani kwa sababu mwanga ukiwa nyuma yake mtoto hakuweza kusoma midomo wala mikono. Lakini shida kubwa ilikuwa kumwita. Akigeuka upande mwingine, hakuna aliyeweza kumpata bila kumfuata na kumgusa, na mara kadhaa alikuwa akishtuka na kulia. Abdishakur alituma fundi na mbao. Wakatandika sakafu ya mbao juu ya ile saruji, chumba kizima cha mbele, ili mtu akipiga mguu chini mara mbili Aliya ausikie mshindo kwa nyayo zake na ageuke.

Watoto waliipenda sakafu hiyo. Waliacha viatu nje. Kabla ya mvua za vuli kuanza, Lynnet, binti wa mwanamke mmoja aliyeitwa Bathsheba, alikuwa anamwita Aliya kwa mguu na kumwambia kwa mikono waende wakacheze, na mtu akipita dirishani asingejua ni yupi kati yao asiyesikia.

Kisha siku moja, wakati wa uji, Aliya aligeuka na hakuna aliyekuwa amemwita.

Filister aliona. Mtoto aliweka kikombe chini, akatazama nyuma, akatazama miguu ya wenzake, halafu akamtazama yeye. Akauliza kwa mikono: nani ananiita? Filister akamjibu kwamba hakuna. Aliya akaendelea kunywa, lakini muda si muda akageuka tena.

Siku iliyofuata aligeuka mara nyingi zaidi. Alizunguka chumba akimwuliza kila mtoto kama ni yeye. Wengine walicheka, wengine wakasema ndiyo ili tu waende kucheza naye. Alipoona wanamdanganya, alilala kifudifudi, akaweka viganja na shavu kwenye mbao, akatulia. Lynnet akalala kando yake. Kisha mwingine, na mwingine.

Ukawa mchezo. Filister aliuona hivyo, na kwa kuwa watoto walikuwa kimya naye ana sufuria za kuosha, aliwaacha.

Bathsheba ndiye aliyewakuta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa maneno, na siku hiyo alikuja mapema kumchukua Lynnet. Filister alikuwa uani akianika vikombe. Aliporudi ndani alimkuta Bathsheba amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Watoto wote walikuwa wamelala chini kama waliomwagwa pale, mashavu kwenye mbao, macho wazi. Hakuna aliyekuwa akisogea. Hata yule mdogo kabisa, ambaye hakuwa ameanza kuongea, alikuwa ametulia.

"Wanafanya nini hawa?" Bathsheba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanacheza."

"Huu si mchezo. Lynnet. Inuka. Mnasikiliza nini?"

Lynnet hakuinuka. Alisema, "Watu wa chini."

Hakuna mtu wa Macalder aliyehitaji kuelezwa maneno hayo. Chini ya mteremko ule ule kulikuwa na shimo lililoporomoka mwaka juzi na kuwafunika wanaume wawili. Walichimbwa hadi watu wakachoka, hawakupatikana. Familia zao zilizika migomba badala ya miili. Tangu siku hiyo wanawake hawakupenda kupita pale peke yao.

Bathsheba alimnyanyua binti yake kwa mkono mmoja. Alipokuwa akitoka alimwangalia Aliya, ambaye alikuwa amekaa sasa, akishangaa kwa nini rafiki yake anaondoka kabla ya wakati.

"Huyo ndiye amewafundisha," alisema.

Maneno yalitembea. Kufikia siku ya soko, kila mtu alikuwa na habari ya mtoto wa Msomali asiyesikia walio hai lakini anasikia waliokufa. Mama mmoja alimtoa mwanawe bila kuaga. Mwingine alisema anampeleka kwa nyanya yake huko Suna. Mwanamke aliyekuwa akimwuzia Filister maziwa aliacha kufika hadi mlangoni, akawa anaita kutoka njiani na kuiacha chupa juu ya jiwe. Filister aliwafuata mmoja mmoja, akawaeleza kuhusu mbao, kuhusu mguu, kuhusu jinsi mtoto anavyosikia kwa ngozi. Walimsikiliza kwa heshima. Hawakurudi.

Fanuel alikuja wiki hiyo. Alikuwa kaka wa marehemu Job, mtu mzima, mpole wa sauti, mzee wa kanisa. Ndiye pia aliyekuwa mwenye shimo lililokuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua wa michongoma. Alikataa kiti. Alisimama kwenye kizingiti na hakukanyaga mbao.

"Shemeji, nimesikia mambo. Funga kwa muda. Watu wakishaogopa hivi, huwezi jua watafanya nini."

"Nikifunga, watoto watarudi kwenye makarai."

"Basi mtoe huyo mmoja, wengine wabaki." Aliwaza kidogo. "Au ufunge kabisa, ndiyo afadhali. Nenda kwenu upumzike. Nyumba nitakuangalizia."

Alisema kwa upole sana.

Hata hivyo Filister alishindwa kuwatuliza wazazi. Mbali na Aliya walikuwa wamebaki watoto wanne, kisha watatu. Jioni hiyo alimwomba Asli abaki na Aliya nyumbani siku chache, mpaka watu watulie.

Asli alimfunga binti yake viatu polepole. "Siku chache," alisema.

"Mpaka watulie tu, mama Aliya."

"Wale wengine walinikataa mlangoni. Hawakumpa marafiki kwanza." Hakupandisha sauti. Alimshika mtoto mkono wakaenda, na Aliya aligeuka njiani kupunga, kwa kuwa kila siku alikuwa akipunga.

Asubuhi iliyofuata Filister aliwapa uji wale waliobaki. Aliya hakuwepo, na hilo lilipaswa kumaliza jambo. Lakini watoto walipomaliza kunywa, walishuka kwenye mikeka wakalala tena kifudifudi, mashavu kwenye mbao.

"Nani amewaambia mlale?" aliwauliza.

"Anagonga," mmoja alisema.

Filister alitaka kuwakemea. Alikuwa ameshika beseni la maji ya kuwaosha mikono, akaliweka chini ili awainue. Ndipo alipoyaona maji. Yalikuwa yakitetemeka. Duara dogo lilitokea katikati, likaenda hadi ukingoni, likafa. Kisha jingine. Hakuna aliyekuwa akitembea ndani ya nyumba. Njiani hapakuwa na gari.

Alipiga magoti, akalala kama wao. Mbao zilikuwa na harufu ya uji na miguu ya watoto. Mwanzoni hakuhisi kitu ila moyo wake. Akatuliza pumzi. Kisha ukaja, chini ya mfupa wa shavu: mshindo mdogo, mzito, kimya kidogo, mwingine. Haukuwa wa mbali. Haukuwa pia wa marehemu. Alikuwa ameishi na mchimbaji miaka mingi na alijua jinsi mtu anavyopiga tindo kwa nyundo, anavyopumzika, anavyogeuza mkono. Mtu alikuwa akifanya kazi chini ya chumba cha watoto.

Aliwatoa nje saa hiyo hiyo. Aliwaketisha kivulini upande wa barabara, akamwomba jirani awaangalie, akazunguka ua wa michongoma hadi shimoni kwa Fanuel.

Fanuel alikuwa amekaa chini ya turubai akinywa chai. Kando yake vijana walikuwa wakivuta kamba. Ndoo ilipanda, nyuma yake akapanda Gisiri, mume wa Bathsheba, kijana Mkuria mwenye mabega mapana, uso wote vumbi. Alipomwona Filister aliangalia pembeni.

"Shimo lako linaelekea wapi, shemeji?" Filister aliuliza.

"Linateremka kwenda mtoni."

"Niapie."

"Kwa nini niape juu ya shimo langu?"

"Kwa sababu nimelala chini nikasikia nyundo."

Vijana waliacha kuvuta kamba. Fanuel alimwaga machicha ya chai, akasimama, akamsogelea hadi wengine wasiweze kusikia.

"Mshipa umekwenda huko," alisema. "Mimi sikuupeleka. Ndiko dhahabu inakokwenda. Nilikuambia ufunge. Nilikuambia mara ngapi uende kwenu?"

Filister alielewa taratibu, kama mtu anayesoma maandishi kwenye giza. "Ni wewe uliyewaambia watu kuhusu mtoto."

"Sikutaka mtoto yeyote aumie. Nilitaka watoke tu, bila kelele, bila watu wa serikali kuja hapa." Alionekana kuamini kwamba amefanya jambo jema. "Bado kidogo tu tumalize. Tumeweka magogo ya kuzuia udongo. Nenda nyumbani kwenu, shemeji."

Filister alikwenda kwa naibu wa chifu, akaambiwa ameitwa mkutanoni Migori, arudi baadaye. Akaenda kanisani. Mlinzi alimfungulia ukumbi wa shule ya Jumapili, naye akahamishia huko mikeka, vikombe, sufuria na wale watoto watatu. Mbao aliziacha. Kisha akaenda kwa Bathsheba, ambaye alikuwa akifua.

"Nani alikuambia kwamba Aliya anasikia wafu?"

"Kila mtu anasema."

"Wa kwanza."

Bathsheba alikamua nguo. "Fanuel. Alimwambia Gisiri kwamba mtoto huyo anasikia wafu, aniambie nimtoe Lynnet kwako."

"Na Gisiri anachimba wapi?"

"Hanielezi. Anasema mbali."

"Yuko chini ya nyumba yangu, Bathsheba. Alijua binti yake anacheza juu ya kichwa chake, ndiyo maana alitaka umtoe. Mwambie asishuke tena. Ile ardhi imechoka, hata maji kwenye beseni hayatulii."

Bathsheba aliendelea kukamua nguo ambayo ilikuwa imeshakauka. Mwishowe alisema, "Nitamwambia. Lakini hasikii la mtu."

Kwa Asli alifika mwisho, kwa kuwa huko ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Duka lilikuwa na wateja. Alisubiri hadi wakaondoka.

"Mtoto wako hakukosea," alisema. "Kulikuwa na mtu anagonga. Alikuwa akiniuliza nami nikamwambia hakuna. Nimekuja kuomba msamaha, na nimekuja kumchukua kama utamtoa. Tuko kanisani sasa."

Aliya alikuwa ameshatoka nyuma ya magunia ya saruji, akimwonyesha Filister kwa mikono kwamba amepata jino linalotikisika.

"Kanisani," Asli alisema. "Na mimi nimefunga ushungi."

"Ni ukumbi tu. Hakuna atakayemwombea bila ruhusa yako."

Asli karibu acheke. "Kesho asubuhi," alisema.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na mawingu mazito, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Aliya alikuja akiwa na koti la mvua. Lynnet pia alikuja, ameletwa na mama yake, ambaye hakuingia ukumbini. Bathsheba alimwambia Filister pale mlangoni, "Nimemwambia. Amesema leo ni siku ya mwisho, wanatoa mawe yaliyobaki."

Walikuwa kwenye uji ardhi ilipoanguka. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto mahali fulani nyuma ya mvua. Aliya aliinua kichwa kabla ya wengine wote, akaweka kiganja kwenye sakafu ya saruji, akakiondoa haraka kana kwamba amegusa jiko.

Filister alimwachia mlinzi watoto akakimbia. Chumba cha mbele kilikuwa kimeondoka. Kuta tatu zilisimama, mabati yalining'inia, na katikati, mahali pa mbao, palikuwa na shimo lenye matope yanayoendelea kuteremka. Wanaume walikuja na kamba. Wawili walitolewa kupitia shimo la Fanuel, wakiwa hai, mmoja akiwa na mkono uliovunjika. Gisiri alitolewa alasiri. Bathsheba alisimama mvuani muda wote huo na hakulia hata walipomlaza kwenye turubai. Alimfuta matope usoni kwa leso yake, akaanza na macho.

Fanuel hakuonekana tena. Walisema amevuka kwenda Tanzania kwa mtumbwi kutoka Muhuru Bay.

Filister alidhani hofu ingeisha sasa, maana ukweli ulikuwa umejulikana. Kwa siku kadhaa ilikuwa hivyo. Watoto walirudi, zaidi ya waliokuwepo mwanzo. Akina mama walimletea Asli ndizi na mayai. Walijifunza kumsalimia Aliya kwa mkono. Kisha Filister akaanza kuona kwamba hawamsalimii tu. Walikuwa wakimtazama anapotembea, mahali anapokanyaga, mahali anapokatisha.

Mwanamke mmoja alimwomba apite naye kwake kidogo, aguse sakafu ya chumba cha kulala. Filister alikataa. Mwanamume mmoja alimfuata Asli dukani na soda tatu, akiomba vivyo hivyo. Wachimbaji wa shimo jingine walituma mtu aulize kama mtoto anaweza kushushwa kwa ndoo asubuhi kabla ya kazi, dakika moja tu, awaambie kama ni salama. Abdishakur alimfukuza.

"Yeye ni mtoto," Filister aliwaambia akina mama wote jioni moja, amesimama mlangoni mwa ukumbi. "Alihisi kwa kuwa tulimfundisha kwamba mshindo wa mguu ni jina lake. Hata nyinyi mkilala chini mtahisi. Mimi nilihisi."

Walitikisa vichwa kukubali. Lakini aliona kwamba hawamwamini. Walikuwa wametoka kumwogopa hadi kumhitaji, na katikati hapo hakuna aliyesimama kumwona.

Mchana mmoja, watoto walipokuwa wakiosha mikono bombani, Lynnet alikuja akikimbia. "Aliya ameenda na watu."

Filister hakuuliza ni nani. Alimwambia Bathsheba, ambaye sasa alikuwa akimsaidia kupika, abaki na wengine. Aliteremka njia ya mashimo akiangalia kila nyumba, hadi akaona viatu vya wanaume vingi mno kwenye mlango mmoja.

Aliingia bila kubisha. Walikuwa wanaume saba au wanane, wamesimama kuzunguka kuta, kofia mikononi kama watu waliokuja kutoa rambirambi. Katikati ya sakafu, Aliya alikuwa amepiga magoti. Mtu alikuwa amemshika kiwiko kwa upole, akiukandamiza mkono wake kwenye udongo. Kwenye godoro pembeni mwanamke alikuwa amempakata mtoto mchanga, macho yake hayatoki kwenye vidole vya binti.

Filister alitembea hadi katikati, akautoa ule mkono. Hakuna aliyemzuia. Aliya aliinua uso. Hakuwa analia, lakini midomo yake ilikuwa imekauka. Alisema kitu kwa mikono, upesi upesi, akarudia.

"Amesema nini?" mwenye nyumba aliuliza.

"Amesema ana njaa."

Mwanamume alimtazama Filister, kisha mtoto, kisha sakafu.

"Mwalimu, usitufiche."

"Amesema ana njaa na anataka kwenda. Hakuna lingine."

Alimbeba, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Aliya alimkumbatia shingoni kwa nguvu, miguu ikining'inia. Wanaume walipisha njia. Filister alipofika barabarani alisikia vitu vikiburutwa nyuma yake, akageuka. Walikuwa wakitoa kitanda. Kisha meza, kisha godoro, na yule mwanamke akatoka na mtoto wake mchanga, akasimama njiani akiitazama nyumba yake kama mtu anayesubiri.

Katika nyumba ya jirani mtu mwingine alikuwa amefungua mlango. Alimwona Aliya mikononi mwa Filister, akaangalia wale wanaobeba kitanda, akarudi ndani akaanza kuita watoto wake watoke.

Filister aliongeza mwendo. Kabla ya mwezi kwisha Abdishakur alihamisha duka lake kwenda Suna, na Filister akaenda nao, akafungua upya katika vyumba viwili nyuma ya duka. Bathsheba aliwafuata na Lynnet. Wazazi wa huko wakiuliza mtoto huyu asiyesikia alitoka wapi, Filister na Asli husema wametoka upande wa ziwani, bila kutaja Macalder, kisha huwaonyesha mahali pa kuacha viatu.